"Halina Watu": Tangazo la Kiwanja cha Pangani na Tusichokiona Sisi wa Moshi

Tangazo limezunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Moshi kwa wiki kadhaa, na kila anayelisambaza huongeza neno lake juu. "Viwanja vya ufukweni Pangani. Mita 40 tu kutoka baharini. Eneo tulivu, halina watu, halina usumbufu. Lami inakuja, wahi." Chini yake kuna picha: mchanga, minazi miwili iliyoinama, bahari ya buluu, na hakuna binadamu hata mmoja. Wanaouliza bei ni watu ninaowafahamu. Yupo mwalimu mstaafu, yupo mwenye duka la vipuri, yupo mama mmoja wa kikoba chetu anayetaka kujenga vyumba vinne vya kulaza wageni. Wote wamechoka na baridi ya Julai na vumbi la Januari, wanatafuta mahali pa kunyoosha miguu. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na maneno mawili ya tangazo: "halina watu".

Niseme msimamo wangu mapema. Lami na daraja havitaua utulivu wa vijiji vya pwani ya Pangani, kama wanavyolia baadhi ya wapenda ukimya. Na utulivu wenyewe si ushahidi kwamba watu wa huko wamelala, kama tunavyosema sisi wa bara tukishapita siku moja na kurudi na picha. Ule utulivu ni ratiba. Unatokana na kazi inayofuata maji na mwezi, na unatokana na ufukwe ambao hakuna mtu mmoja anayeweza kusema ni wangu. Cha kuuvunja ni uzio, na uzio huo tunauchora sisi huku juu, kwa nia njema kabisa, tukidhani tunanunua mahali pasipotumika.

Barabara inayozungumzwa ni ile ya Tanga hadi Bagamoyo kupitia Pangani na Saadani, takriban kilomita 250, pamoja na daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani. Miaka yote, aliyetoka Tanga mjini kwenda Pangani alikula vumbi kilomita hamsini hivi, na kama safari yake ilikuwa ng'ambo ya kusini, alingoja kivuko kimvushe hadi Bweni. Ushongo, kijiji ambacho jina lake linatajwa sana na madalali, kiko upande huo wa ng'ambo. Kwa mtu wa Moshi hesabu ilikuwa nzito: Himo, Mwanga, Same, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, halafu ndiyo uanze kutafuta usafiri wa Pangani ukiwa umeshachoka. Wengi waliishia Tanga mjini, wakala samaki, wakarudi. Lami na daraja vinabadilisha hesabu hiyo, ndiyo maana tangazo linazunguka sasa na halikuzunguka miaka kumi iliyopita.

Lakini tusidhani Pangani ilikuwa mahali pa kusahauliwa tangu dunia iumbwe. Karne ya 19 palikuwa lango. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilishuka na kupanda kwa kufuata bonde la mto, na njia hizo zilifika mpaka huku kwetu Kilimanjaro. Bushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa mwambao dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mkonge wa kwanza wa nchi hii ulipandwa jirani hapo, Kikogwe, mwaka 1893: miche iliyotoka Florida ikapita Hamburg, ikafika 62 tu ikiwa hai, na kutoka hiyo 62 likaja zao lililotawala uchumi wa Tanganyika kwa miongo mingi. Kilichoinyamazisha Pangani ni reli. Wajerumani waliianzishia Tanga, wakaipandisha Mombo, ikafika Moshi mwaka 1911, na mzigo wote wa bara ukahamia huko. Kwa hiyo Moshi na Pangani zimefungwa na historia moja, sisi tukiwa upande uliofaidika.

Naeleza hayo kwa sababu kuna ukimya wa aina mbili pale, na makosa yetu mengi yanaanzia kwenye kuuchanganya. Ukimya wa mji wa Pangani, wenye majumba ya zamani yanayomeguka chokaa na mitaa inayoonekana mipana kuliko watu wake, ni ukimya wa biashara iliyohama. Huo una huzuni yake, na lami inaweza kuutibu. Ukimya wa kijiji cha wavuvi saa nne asubuhi ni jambo jingine kabisa, na dawa ya mmoja haifai kwa mwingine.

Niliuona huo wa pili mara ya kwanza nikiwa mjinga wa mambo ya maji. Nilifika Ushongo asubuhi, nikakuta wanaume kadhaa wamejinyoosha kwenye kivuli cha mkungu, nyavu zimetandazwa pembeni yao, hakuna anayefanya lolote. Nikawaza kile anachowaza kila mtu wa bara. Nikamsalimia mzee aliyekuwa karibu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umetoka wapi?"

"Moshi."

"Umelala safari nzuri?"

"Nimelala vizuri, mzee."

"Haya. Sisi ndiyo tunalala sasa. Pita huko, usinikanyagie wavu."

Walikuwa wametoka saa mbili usiku na kurudi alfajiri. Ilikuwa giza, yaani siku ambazo mwezi haupo, ndizo siku za dagaa. Taa huwashwa juu ya maji, dagaa huifuata, wavu hupandishwa. Mwezi ukipevuka taa haina nguvu, mashua za dagaa hukaa nchi kavu siku kadhaa, na hapo ndipo utaona vijana wameketi mchana na usiku wakicheka. Mgeni akifika siku za giza anakuta watu wamelala mchana. Akifika siku za mbalamwezi anakuta watu wamekaa. Kwa vyovyote atarudi Moshi na hadithi moja: kule watu hawafanyi kazi.

Na huo ni mwezi tu. Kuna maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika hamsini kuliko jana, kwa hiyo saa ya kazi ya leo siyo ya kesho na baada ya wiki imegeuka kabisa. Mwezi ukiandama na ukipevuka huja bamvua, maji hupanda sana na kushuka sana. Mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu, tofauti ni ndogo. Bamvua ikipwa, miamba iliyokuwa chini ya bahari hujitokeza na wanawake na vijana huingia kutafuta pweza kwa saa chache kabla njia haijafungwa tena. Bamvua ikijaa, chombo hupelekwa juu kabisa ya mchanga, maji yakiondoka kinabaki pakavu, na hapo fundi hukikwangua, hukichoma tumbo kwa moto wa makuti kuua wadudu wanaokula mbao, na kukikalafati nyufa. Ukikosa bamvua hiyo, unangoja nyingine wiki mbili. Juu ya hayo yote kuna upepo: kaskazi ya Desemba hadi Machi bahari inapokubali, na kusi inayoanza Aprili na kuchafua maji kiasi kwamba chombo kidogo kinabaki kimefungwa kwa siku mfululizo. Hiyo ni kalenda yenye tabaka tatu, na mwenye kijiji anaisoma kichwani bila kuandika.

Mapumziko nayo yanakaa ndani ya kalenda hiyohiyo. Sisi tumezoea kupumzika Jumapili, au Desemba tukirudi vihambani, yale mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa. Kwao pumziko halina siku yake. Limegawanywa vipande vipande kati ya maji na maji. Kahawa chungu na kashata barazani baada ya alasiri. Bao la kete 64 chini ya mti, wawili wanacheza na kumi wanafundisha. Mpira wa vijana kwenye mchanga uliokazwa na kupwa, uwanja mzuri kuliko mwingi ninaoujua hapa Moshi, na mechi haihitaji refa wa kupiga filimbi ya mwisho kwa sababu maji yakifika kwenye goli mchezo umekwisha. Watoto wanaoga palepale ambapo baba zao watashusha samaki baadaye. Kina mama hupiga soga huku mikono ikisuka makuti, na ukiwauliza kama ni kazi au mapumziko watakuona una maswali ya ajabu. Ngalawa zikishindana siku ya sikukuu, ni vyombo vilevile vya kuvulia.

Ukiangalia orodha hiyo utagundua karibu kila kitu kinafanyika kwenye ardhi moja: ule mkanda kati ya minazi na maji. Hapo ndipo panapokaushwa dagaa, panapopandishwa vyombo, panapotandazwa nyavu, panapochezwa mpira, panapopitwa kwenda kijiji cha pili. Mkanda mmoja unabadilisha kazi mara tano kwa siku, na katikati ya mabadiliko hayo kuna saa ambazo uko mtupu. Mpiga picha wa tangazo alifika saa hiyo. Au alingoja watu wapite, sijui.

Sasa kwenye hoja. Wapo wanaoipinga barabara, na sauti yao ina mvuto hasa kwa watu waliosoma. Wanasema lami italeta kelele, baa, taka na wizi, na kijiji kitapoteza roho yake. Sehemu ya hofu hiyo ina msingi: barabara hiyo inapita eneo la Saadani, hifadhi ya taifa iliyoshuka mpaka Bahari ya Hindi, na magari ya kasi na wanyama havijawahi kuelewana. Lakini ukisikiliza kwa makini, mara nyingi anayelia ni mgeni. Anataka kijiji kibaki bila lami ili likizo yake isibadilike. Mama mjamzito wa Bweni aliyeshikwa na uchungu usiku, akangoja kivuko, hana anasa hiyo. Mvuvi ambaye dagaa wake wameharibika kwa sababu gari limekwama masika, hana anasa hiyo. Hata sisi walaji wa Mbuyuni sokoni tunaolalamika samaki wa baharini ni ghali na amechoka, tunalalamikia barabara bila kujua. Kumtaka mwenzako akae gizani ili wewe ukienda upate giza la kutazama nyota ni ubinafsi uliovaa nguo ya uhifadhi.

Wapo wanaoishangilia barabara kwa sababu ya ajira na biashara. Hao nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Vijana wa Ushongo hawana wajibu wa kuwa wavuvi milele ili kijiji kiwe na picha nzuri. Akitaka bodaboda, apate njia ya kuiendesha. Akitaka kusoma VETA Tanga na kulala kwao, sawa. Vyumba vinne vya mama wa kikoba vitahitaji mpishi, fundi bomba, mtu wa kuvua kamba wa chakula cha jioni. Kijiji chenye shughuli hizi hakitakuwa kimepoteza chochote cha lazima, maana ratiba ya maji haitabadilishwa na lami. Dar es Salaam ina lami kila upande na bado wavuvi wa Kunduchi wanangoja maji.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayouza viwanja: kwamba ufukwe hautumiki, watu wa pwani wavivu, basi anayeweza kuutumia vizuri ni sisi tulio na bidii. Nimeisikia kwa watu wazima wenye shahada. Nimeshaeleza mwezi na maji, sirudii. Niulize tu swali moja kwa Mchaga mwenzangu. Hivi kihamba chako cha Marangu au Kibosho, Julai, wakati wewe uko mjini na mama amekwenda sokoni, nani anakiona kina watu? Migomba imesimama kimya, kahawa imesimama kimya, nyumba imefungwa. Mgeni angepita na simu yake akapiga picha na kuandika "eneo tulivu, halina watu", tungemtafuta kwa mapanga. Tunajua kihamba kimejaa watu ambao hawapo kwa saa ile, wakiwemo waliozikwa pale. Ajabu ni kwamba ujuzi huo unatutoka tukishavuka Segera.

Kuna hoja moja inayonisumbua zaidi, na sidai kuimaliza. Wenyeji wenyewe wanauza. Hakuna aliyewashikia bunduki. Mzee ana minazi isiyozaa, ana mtoto wa kulipiwa chuo, anapata mnunuzi wa Moshi au Arusha mwenye fedha taslimu. Mimi mwandishi ni nani wa kumwambia asiuze? Kama ni shamba lake la minazi, auze, na apate bei ya leo badala ya ile ya miaka ya nyuma. Shida ni kwamba shamba na ufukwe havikatwi kwa panga moja. Minazi ni yake. Njia inayopita katikati ya minazi kwenda bandarini siyo yake. Mchanga mbele ya minazi, ambapo vyombo kumi vya watu wengine vinapandishwa, siyo wake. Anauza kilicho chake, na mnunuzi akijenga ukuta kuanzia barabarani mpaka kwenye maji, amechukua pia cha watu ambao hawakulipwa hata shilingi. Muuzaji mmoja akifanya hivyo, kijiji kinazunguka. Wakifanya sita mfululizo, chombo hakina pa kupanda, na mvuvi asiye na pa kupandishia chombo ameshaacha uvuvi hata kama hajui bado.

Sheria inalijua hili kuliko madalali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inatambua kwamba ndani ya kijiji kuna ardhi ya matumizi ya pamoja, tofauti na ya familia, na halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu maana yake watu wazima wote wa kijiji, siyo mwenyekiti na mhuri wake kwenye karatasi ya daftari. Kisha kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Kwa hiyo "mita 40 tu kutoka baharini", maneno yanayotajwa kama sifa ya kiwanja, ni maelezo ya kiwanja ambacho hutakiwi kukijengea. Watu wanalipa zaidi kwa ajili ya kile hasa kinachokifanya kisifae. Ningecheka kama wasingekuwa jirani zangu.

Zile mita 60 watu huziona kama ukali wa serikali, lakini ukizisoma pamoja na maisha ya kijiji zinaeleweka. Pwani inahama. Karibu na hapo kuna Maziwe, kisiwa ambacho zamani kilikuwa na mivinje na kasa wakitaga kwa wingi; bahari ikakila, miti ikaisha, leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kasa bado wanarudi pale kwa mazoea ya uzazi, na mayai yao huhamishiwa ufukwe wa Ushongo yalindwe hadi yaanguliwe. Fikiria hilo tena: ufukwe tunaouita mtupu unalea hata watoto wa kisiwa kilichozama. Watoto wa kasa hufuata mng'ao wa bahari usiku. Taa kali za ukutani huwapoteza.

Narudi kwenye mto, kwa sababu hapa sisi wa Moshi hatuna pa kujificha. Mto Pangani unaanzia huku. Maji ya Kilimanjaro na Meru yanashuka kupitia Kikuletwa na Ruvu, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yanateremka hadi mitambo ya Hale na New Pangani, ndipo yafike mjini Pangani na kumwagika baharini. Ofisi ya Bonde la Maji la Pangani ipo hapahapa Moshi. Kila tone tunalochota juu kwa mpunga, miwa, maua na mabomba yetu ni tone ambalo halifiki chini. Mto ukidhoofika, bahari hupanda mtoni, na chumvi imeshaingia mashamba ya kingo za chini za mto huo. Maana yake kabla hata hatujanunua kiwanja kimoja, tulikuwa tumeshagusa maisha ya watu wale. Ukisikia mkulima wa ukingoni mwa Pangani anauza shamba lake kwa bei nafuu kwa sababu halizai kama zamani, jiulize maji yake yamekwenda wapi. Inawezekana mnunuzi amekuja nayo kwenye radieta.

Na jibu la tatizo hili tunalo, tumelirithi. Mababu walichimba mifongo, yaani mifereji ya maji, kutoka msituni ikashusha maji kihamba kwa kihamba, kwa zamu. Upareni wakawa na ndiva, mabwawa madogo yanayojaa usiku ili maji yatumike mchana. Anayepitiwa na mfongo hana ruhusa ya kuuziba eti kwa sababu udongo ni wake. Aliyethubutu, wenzake walimjia asubuhi na majembe. Hatukuhitaji wataalamu kutueleza kwamba kitu kinaweza kupita kwenye ardhi yako kikabaki cha wote, na kwamba saa ambayo hakina mtu ni saa ya zamu ya mtu mwingine. Ufukwe ni mfongo uliolala chali. Mtu aliyekua kwa zamu za maji ana kila sababu ya kuuelewa kuliko mtalii wa Ulaya.

Ikiwa hivyo, mambo kadhaa yanafuata. Kwanza, vijiji vya njia hiyo vinahitaji mpango wa matumizi ya ardhi kabla lami haijakauka, unaochora bandari ndogo za vyombo, vichanja vya dagaa, njia za kwenda majini na uwanja wa mpira, kwa majina yake ya wenyeji. Baada ya kuta kusimama, kesi huchukua miaka, na Dar es Salaam imetuonyesha jinsi vichochoro vya kwenda baharini vinavyotoweka kimoja baada ya kingine. Kilichobaki wazi pale ndicho kinachojaa: Coco Beach Jumapili haipumui kwa mihogo, mishikaki na watu waliokuja na daladala. Pili, mwenye hela ya Moshi anayetaka pumziko hana haja ya mstari wa mbele. Vyumba vinne vya mama wa kikoba vikijengwa ng'ambo ya minazi, upande wa barabara, vitapata upepo uleule na wageni watatembea dakika tatu kufika majini, wakipitia kijijini, wakinunua kashata njiani. Atakuwa amelipia kidogo zaidi na hatabomolewa. Tatu, na hili ni la wauzaji: njia na bandari zitajwe kwenye karatasi ya mauzo, mistari miwili tu, ili mtoto wa mnunuzi asije akadai hakujua.

Sehemu ngumu itakuwa kwenye vichwa vyetu. Tunataka kwenda mahali patulivu, halafu jambo la kwanza tunalofanya ni kupanga namna ya kuwazuia wengine wasipite. Utulivu wa Ushongo unatokana na watu wengi kupishana mahali pamoja bila kugombana, kwa sababu kila mmoja anajua saa ya mwenzake. Ukijenga ukuta utapata ukimya, hilo sikatai, lakini utakuwa ule wa mji wa Pangani, wa mahali ambapo shughuli imehama.

Wiki iliyopita mwalimu mstaafu alinipigia, akaniambia yuko tayari kulipa arubuni na dalali yuko naye pale pale. Nikaomba niongee na dalali. Nikamuuliza zile mita 40 alizipima lini, maji yakiwa yamepwa au yamejaa, maana ufukwe ule bamvua ikipwa unaweza kutembea muda mrefu bila kulowa magoti. Akanyamaza kidogo. Akasema alipima asubuhi.

"Asubuhi ya siku gani?"

"Kaka, ilikuwa asubuhi tu. Palikuwa hakuna mtu."